Sauti ya Pili kutoka Stoo ya Nazi

Bwana asifiwe, wapendwa! Na wale wa viti vya nyuma nao waitikie, maana leo ninyi ndio ninaowatafuta.

Naitwa Edina, binti wa hapa hapa Muheza. Najua mnangoja niseme nimepona kabisa na vidonge nimevitupa. Sijavitupa. Asubuhi hii nimevimeza, nikanywa chai, nikaja kumtukuza Mungu. Anayetaka kuguna agune sasa, tuendelee.

Nilikuwa fundi cherehani sokoni, nikishona sare za shule. Nikaanza kusikia watu wakinisema ndani ya mlio wa cherehani. Nikiacha kukanyaga wananyamaza, nikikanyaga wananianza upya, mimi na ukoo wangu. Baadaye hawakuhitaji tena cherehani, walinifuata hadi kitandani. Nikachanachana vitambaa vya wateja nikiwatafuta.

Mama yangu aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona haya. Akaniweka stoo tunakohifadhi nazi, akafunga kwa nje. Waliomuuliza aliwaambia nimekwenda Horohoro, kule mpakani, kwenye biashara. Alinipenda, ndugu zangu, msimfikirie vibaya. Chakula alileta cha moto, na kila akifunga mlango nilimsikia akilia. Msimu wa machungwa ulikuja ukapita nikiwa mle ndani. Kila Jumapili mama alivaa sare ya kwaya akaja hapa kuimba.

Kisha ikafika zamu ya nyumba yetu kwa maombi ya akina mama ya nyumba kwa nyumba. Mama angekataaje zamu? Wakaja, wakajaa sebuleni, wakaanzisha wimbo. Ndugu zangu, mimi nimeimba sauti ya pili tangu nikiwa mtoto, na siku ile sauti ya pili haikuwapo. Kichwani mwangu kulikuwa na kelele za kila namna, lakini lile pengo nililisikia. Nikaitikia! Niliimba kwa nguvu zangu zote, nimekalia nazi, na sebule nzima ikanyamaza. Nikaendelea peke yangu hadi ubeti ukaisha.

Mama Tabitha, jirani yetu, ndiye aliyeuliza, "Kumbe Horohoro iko hapa uani?"

Hakuna aliyecheka. Mama akatoa ufunguo, akampa, akaketi chini akalia. Akina mama wakanitoa, wakaniogesha, wakanivika, na kesho yake wakanipeleka hospitali, mama yangu amenishika mkono njia nzima. Waliniombea kwa kufunga, na vidonge nikameza. Msinitake nigawanye, hili la Mungu na hili la daktari. Yote nimeyapokea kwa Mungu yule yule.

Sauti zilipungua, nikarudi kwenye cherehani. Ningeishia hapo mngepiga makofi. Lakini Sista Mwanaidi, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, akaniita akasema wanatafuta watu waliopitia haya, wafundishwe, waajiriwe, wawasaidie wenzao, kama wale waelimishaji rika wa kliniki ya virusi vya UKIMWI. Nikacheka. Nani amwajiri kichaa?

"Edina," akasema, "mimi ugonjwa huu nimeusoma. Wewe umekaa nao nyumba moja. Nahitaji tuwe wawili."

Nikafundishwa kusikiliza bila kumkatiza mtu, kutunza siri, na kujua pale ninapofika mwisho nimwite muuguzi. Katikati ya mafunzo sauti zikarudi. Nikajua kazi imekwenda na maji. Sista akaniambia nikapumzike, nafasi yangu ipo, kwani ningeugua malaria wangenifukuza? Nikapumzika, nikarudi, nikamaliza. Haleluya!

Sasa, mlangoni mwa kliniki yetu kuna benchi, na siku ya kliniki hakuna aliyelikalia. Wagonjwa walijibanza upande wa maabara, wakijifanya wamekuja kupima damu, na wengine majina yakiitwa waliondoka bila dawa kwa kuona haya. Kazi yangu ya kwanza nilijichagulia mwenyewe. Nililikalia benchi lile, nimevaa sare yangu ya kliniki, nikisalimia kila anayepita.

Siku moja akaja mama mmoja wa Pangani na binti yake Zuhura, amemfunika ushungi hadi puani. Wakaenda maabara. Nikawafuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sie twangoja kupima damu."

"Mimi nangoja vidonge vyangu pale. Huwa nasikia watu wasioonekana."

Mama akaitazama sare yangu, akanitazama usoni. Binti ndiye aliyeshusha ushungi. "Hao wako wanasema nini?" akaniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, naye akaniambia ya wake. Tuliongea tumesimama mpaka mama yake akalalamika miguu inamuuma, ndipo tukaenda kuketi wote watatu pale mlangoni, watu wakipita na kutuona. Jina la Zuhura lilipoitwa, aliinuka mwenyewe akaingia.

Zuhura ni Mwislamu, na amenipa ruhusa nimtaje kwenu. Sasa hivi anasoma mafunzo yale yale niliyosoma mimi. Tutakuwa wafanyakazi wawili, ndugu zangu, na mwezi ukiisha tunalipwa kama watu wengine! Mungu apewe sifa. Mama yangu yule pale kwenye kwaya, ameniruhusu niyaseme haya yote, na mimi namshukuru mbele yenu.

Ndugu zangu, nina hakika humu ndani yuko aliyefunga mlango asubuhi hii kabla ya kuja kuimba. Sikuulizi jina. Mtumaini Mungu, halafu nisubiri nje ibada ikiisha. Twende pamoja kwako mchana huu huu. Ufunguo utaugeuza wewe mwenyewe, na mimi nitatangulia kuingia.