Mkalimani Aliyesimama Kushoto kwa Waziri

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia, na nimetumwa niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pacha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba mwashi na mama fundi cherehani, mama huyu mnayemwona hapa mbele, ambaye hasikii tangu utotoni, hivyo dada alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, akamaliza sekondari 1988, akahitimu ualimu 1991, kisha akafundisha watoto viziwi kwa miaka kumi na mitatu. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa pacha mwaka 1998.

Mwaka 2004 aliajiriwa kuwa mkalimani wa lugha ya alama katika ofisi ya waziri, akisimama kushoto kwake kila alipokutana na waandishi wa habari, na nyumbani alitutania kwamba mheshimiwa akiulizwa ni saa ngapi, hueleza saa inavyotengenezwa.

Jumatano, tarehe 11 Aprili 2012, baada ya wiki mbili za mvua, ukuta wa bwawa ulikuwa umepata ufa, na mwandishi mmoja wa redio akauliza mbele ya kamera, "Mheshimiwa, watu wa bondeni wahame au wasihame?" Waziri akasema wataalamu wanafuatilia kwa karibu, akaulizwa tena, akasema serikali haijalala, akaulizwa mara ya tatu, akasema watu wasitiwe hofu, na kila mara dada alitafsiri maneno yake yote, kisha akamalizia kwa mikono, "Swali hajajibu."

Bondeni, mshona viatu kiziwi aliyekuwa akitazama televisheni akaanza kufunga virago, majirani wakamcheka, mkewe akawaeleza alichokiona mumewe kwenye mikono ya dada, kicheko kikakatika, na kaya arobaini na moja zikapanda mlimani kabla jua halijazama. Ukuta ulibomoka kesho yake asubuhi. Waliobaki, watu tisa, tuliwazika.

Tarehe 13 aliitwa ofisini.

"Nani alikuruhusu kuongeza maneno?" msaidizi wa waziri akamuuliza.

"Mzee, wenye masikio walisikia kwamba hajajibu. Wasiosikia nao nimewaambia."

Alitoka na barua ya kuachishwa kazi, akakaa karibu miaka miwili akishona sare na mama, milango yote ikiwa imefungwa, hadi shule yake ya zamani ilipomrudisha darasani Januari 2014.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nane mchana, akatutoka akiwa na miaka hamsini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliotupikia juma zima, na ninyi mliotoka bondeni.

Leo asubuhi mama aliniuliza kama mwanawe aliumia mwishoni. Nilitaka kumzungusha, nikaona aibu, nikamwambia ndiyo, mama, aliumia sana, na mumewe hakumwachia mkono hata dakika moja.

Dada, kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani uliyoistahili.