Fundi Waya na Chumba Kinachoamka Kichwa Kitupu

Baada ya miaka thelathini na nne ya kukitumikia chuo hiki, Fundi Waya anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu wake, kwa sababu mbili. Kwanza, niliwahi kuwa mfanyakazi mwenzake: korido zote za jengo kuu nilizifagia mimi mpaka nilipostaafu, na tangu siku hiyo naona hazing'ai kama zamani. Pili, nilimzaa. Wataalamu wa idara yake wangeandika vizuri, sikatai, lakini wageni wangesinzia kabla ukurasa haujaisha.

Aliingia hapa kama mpiga chapa. Taipureta ya ofisi ya mkuu ilikuwa inaruka herufi. Akaifungua kwa kisu cha mezani, akaifunga, ikapiga. Kuanzia hapo, chochote kikizimika chuoni watu walisema aitwe yule binti wa mfagiaji. Nami nikipita na ufagio wangu nilijifanya sijasikia, ili waliseme tena. Kompyuta zilipoletwa akapelekwa kusoma, akarudi na cheti, akaanza kutandaza nyaya kwenye dari na kuta. Ndipo jina likamkaa. Lile la kwenye kitambulisho wengi hawalijui, na hata mimi niliyempa nimeshazoea hili.

Lakini kazi ambayo kila mtu atamkumbuka nayo ni chumba cha kompyuta. Mashine kubwa za mwanzo zilikuwa zimekufa moja moja, nyingine kwa vumbi, nyingine kwa umeme kukatika. Kwenye mkutano wakapendekeza chumba kiwe stoo ya viti. Mhasibu akauliza, "Kwani sisi tunafuga vumbi kwa umeme?" Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Aliomba muhula mmoja.

Alichofanya nitakieleza kwa lugha ya nyumbani. Alileta kompyuta ndogo ambazo viungo vyake vyote vimekaa kwenye kibao kimoja, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, na kila moja akaifunga kwa skrubu nyuma ya skrini. Wanafunzi wakaziita sabuni. Mwanzoni kila sabuni ilikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, na humo ndimo akili yake ilimokaa. Umeme ukikatika ghafla, kadi inaharibika. Zile zisizoharibika zilihamia kwenye simu za wanafunzi, zikajazwa nyimbo. Fundi Waya hakugombana na mtu. Alizitoa kadi zote. Aliamua sabuni ziamke kichwa kitupu, na kila asubuhi ziulize kwenye waya: mimi ni nani, na leo nifanye nini? Kompyuta moja kubwa iliyofungiwa chumba cha pembeni, inayoitwa seva, ndiyo inayozijibu na kuzigawia kila kitu. Idarani wanaiita Jiko, kwa kuwa chakula chote kinatoka humo. Zinawashwa mstari kwa mstari, ule wa dirishani kwanza, maana zikilia zote kwa pamoja Jiko linazidiwa. Sabuni moja ikifa unafungua skrubu, unafunga nyingine, mwanafunzi anaendelea pale pale alipoishia. Nani mwingine angewaza hivyo? Nauliza tu.

Kabla ya kufungwa tena, kila sabuni ilibidi ifundishwe kuamka kwa njia hiyo, na somo hilo likishaingia halitoki tena, kwa hiyo hakutaka kukosea. Alizifundishia sebuleni kwangu, kwenye televisheni yangu. Wiki nzima, saa ya tamthilia, mimi natazama herufi nyeupe zikipanda gizani. Jirani akaja kuniuliza yule bibi harusi ameishia wapi. Nikamjibu kwamba amegeuka sabuni.

Chumba kikafunguliwa rasmi, mkuu akapiga makofi, nami nilikuwa safu ya mbele. Halafu asubuhi moja sabuni zote zikagoma. Skrini nyeusi, wanafunzi mikono mapajani, na Jiko lenyewe ni zima kabisa. Fundi Waya akafuata waya ofisi baada ya ofisi, mpaka akafika kwa mhasibu, yule yule wa vumbi. Kumbe alikuwa ameleta kisanduku chake cha intaneti kutoka nyumbani, akakichomeka ukutani. Kila sabuni ilipolia, kisanduku kiliwahi kuitikia kabla ya Jiko, kikaipokea, halafu hakina cha kuipa. Sisi kina mama tunamjua jirani wa namna hiyo: anawahi kumbeba mtoto, maziwa hana.

Mwingine angemwanika mhasibu mkutanini. Mwanangu alikichomoa kisanduku, akamvutia mhasibu waya wake mpya siku hiyo hiyo, na alipoulizwa akasema palikuwa na hitilafu ndogo upande wa ukuta. Ukuta haukulalamika. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuisimulia habari hii leo. Aliniambia, "Andika tu mama, mwakani nami nastaafu, bora nichekwe mapema."

Vyuo vingine vimekuja kuiga chumba hiki, na wote waliokuja nimewaambia aliyekitengeneza ni wa kwangu. Lakini mwaka jana bodi ilisema neno lililomkosesha mwanangu raha. Ilisema kwamba chumba kinachojulikana na mtu mmoja huondoka na mtu huyo, kwa hiyo akistaafu kifungwe, viti viingie. Hakubishana nao. Aliwachukua mkutubi na fundi umeme, akawafundisha kila kitu, hata kufungua Jiko na kulifunga tena. Kisha akaiomba bodi iwapime: achukue likizo wiki ya mitihani ya vitendo, na wale wawili wakiivuka bila kumwita, chumba kibaki. Bodi ikakubali.

Wiki hiyo alikaa kwangu. Simu aliiweka mezani kifudifudi, kisha chali, kisha kifudifudi tena. Jumatano asubuhi umeme ukakatika mji mzima, ukarudi kwa kishindo, balbu yangu ya jikoni ikapasuka. Akasimama. Nikamwambia kaa. Akakaa, akaanza kuvaa viatu akiwa amekaa. Simu haikulia. Mchana ukaingia, haikulia. Akasema pengine ni mbovu, nimpigie. Nikampigia, tukiwa meza moja. Ikalia vizuri sana.

Jioni mkutubi alipita kumletea kikombe alichokisahau ofisini. Fundi Waya akamuuliza kama mtu asiyeuliza, "Umeme huko kwenu ulikuwaje?"

"Aa, ule?" mkutubi akajibu, bado anavua viatu mlangoni. "Uliunguza Jiko. Tukawasha lile la akiba ulilotuachia, tukaanza na mstari wa dirishani kama kawaida. Saa nne watu wanafanya mtihani. Fundi umeme anasema ulituchosha bure na mazoezi, mbona rahisi! Chai ipo?"

Mwanangu akasema vizuri, vizuri sana. Akatoka uani, akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mimi najua alichokuwa akifanya. Alipokuwa darasa la kwanza nilizoea kumshika mkono mpaka getini. Siku moja akauchomoa mkono wake, akavuka barabara peke yake, wala hakugeuka nyuma. Nilirudi nyumbani nikaufagia uwanja niliokuwa nimeufagia alfajiri. Kwa hiyo jioni ile sikumfuata. Nilimmiminia mkutubi chai, nikamwacha mwanangu na nguo zake. Aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu na uso unacheka, na nguo zote mbichi mkononi.

Bodi imetimiza neno lake. Chumba kinabaki, na funguo wameshakabidhiwa mkutubi na fundi umeme. Viti vitafute kwingine.

Fundi Waya, wafanyakazi wenzako wanakushukuru kwa kila waya uliouvuta na kila aibu ya mtu uliyoisitiri. Nami naongeza langu: nilikiazima chuo binti, kimenirudishia bingwa. Tunakuombea siku ndefu na asubuhi zisizo na haraka. Sabuni zitaamka bila wewe, kwa hiyo wewe lala. Na nyumbani karibu saa yoyote, mwanangu, ila televisheni yangu usiiguse.

Mama yake,
Mfagiaji mstaafu, jengo kuu