Mikoko Myekundu ya Ng'ambo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu, mzee Majaliwa, masheikh na mapadri, ndugu wageni waalikwa, wazee wangu shikamooni. Mimi ni Mwanvita, msemaji wa kina mama watanda uduvi, tunaovua vile vidagaa vya kamba kwa kanga. Leo nimepewa kazi ya kumuaga Bwana Misitu wetu, Ndugu Tarcis, anayehamishiwa Lugoba. Huko hakuna hata tope la kumchafulia suruali, sijui atatukumbukaje!

Ndugu zangu, mnaikumbuka ile picha? Ilipigwa na setilaiti, chombo kinachoizunguka dunia huko juu kuliko ndege yoyote. Ndugu Tarcis alihangaika wizarani mpaka akaipata, atuonyeshe mikoko yetu inavyokatwa kupisha mashamba ya chumvi, akaitanguliza kwa kamati ya kijiji kabla yeye mwenyewe hajafika. Kamati wakaitandaza mezani. Mikoko yote ya ng'ambo ya mto myekundu pyu! Mzee Majaliwa akashika kichwa: "Lahaula! Msitu wote umeungua. Basi wenye chumvi wapewe, ya nini kulinda majivu?" Kibali kikaandaliwa, bado sahihi tu. Mzee wangu, usinikunjie uso, si ulisema?

Uduvi huzaliana kwenye mizizi ile. Ikiondoka, watoto wetu tungewalisha nini?

Ndugu Tarcis akaingia kikaoni anahema. Hakumcheka mtu. Alisema kamera ile huona mwanga ambao macho yetu hayauoni, na jani lililo hai hutokea jekundu. Palipokatwa ndipo panapotokea peupe, na hapo ndipo pa kuogopa. Mzee Majaliwa akamjibu, "Mtani wangu Mluguru, maji yamekupwa. Nipeleke nikaone." Wakaenda, matope mpaka magotini, wakarudi na kitawi cha mkoko, kibichi kabisa. Kibali kikachanwa mbele yetu. Je, angetukasirikia siku ile akaenda zake, leo uduvi tungeutanda wapi?

Ndugu Tarcis, umetulindia chakula chetu, nasi tunakupenda kwa hilo. Picha nyingine ikija hutakuwapo kutusomea. Usihofu. Kina mama tutaitazama wenyewe, tukianzia pale peupe, na pakiongezeka hata kidogo tutakufuata Lugoba na matope yetu miguuni. Mzee Majaliwa naye aliniahidi jana: safari hii akiona nyekundu, atasema alhamdulillahi.

Mheshimiwa, wazee, wageni wetu, ahsanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.