Soupir ya Maestro Isidore

Wasikilizaji wapendwa, mulioko Kadutu, Ibanda na Bagira, na ninyi wa Kalehe munaotupata kwa shida, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Isidore Ntirampeba, kiongozi wa okestra na mtunzi wa muziki. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Wengi wenu jina hilo hamulijui. Ninyi mulimwita Maestro Soupir. Na jina hilo hakulipenda hata kidogo.

Maestro hakuzaliwa hapa. Alitoka Bujumbura mwaka 1995, akavuka mto Ruzizi na mfuko mmoja wa nguo na violini iliyofungwa ndani ya kitenge cha mama yake. Akapanga chumba Cimpunda, kule mlimani. Akatafuta watu wa kupiga nao. Alipata tarumbeta mbili za fanfare, bendi ya matarumbeta ya zamani, klarineti iliyofungwa kwa mpira, na waimbaji arobaini wa kwaya ya parokia. Violini nyingine zilikuja kidogo kidogo. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa okestra yake, na aliisimamia kwa koti na tai.

Miaka michache baadaye alimaliza kazi yake kubwa, Misa ya Wageni. Kwenye sehemu ya Mwana-Kondoo wa Mungu, wote wanaimba, wote wanapiga, halafu ghafla wote wananyamaza. Pigo moja tu. Kwa Kifaransa, alama ya kunyamaza hivyo inaitwa soupir. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Siku ya kwanza ya mazoezi aliwaambia wafanye soupir. Watu arobaini wakashusha pumzi, haaa, kama waliopanda Cimpunda na bidoni ya maji kichwani. Wamesoma, wanajua soupir ni kushusha pumzi, sasa kosa lao liko wapi? Maestro akaweka chini fimbo yake ya kuongozea.

"Soupir haiko kupumua," akasema. "Ni kunyamaza."

Wakacheka mpaka machozi. Wakaitika ndiyo, wameelewa. Siku ya Mungu, Jumapili ya Pasaka, mbele ya watu wote, wakashusha pumzi tena.

Ikawa desturi, kila Pasaka misa hiyo ilipoimbwa. Waimbaji wa zamani wakawafundisha wapya. Waumini nao wakaizoea, wakawa wanaingojea, na kanisa zima linashusha pumzi pamoja. Maestro aligomba. Aliomba. Aliandika KIMYA ubaoni kwa chaki. Wapi! Mara moja aliwaacha katikati ya misa, akaenda zake kwa miguu. Miaka zaidi ya ishirini alitaka kitu kimoja, kusikia kimya chake cha pigo moja. Hakukisikia.

Kwa nini alikishikilia hivyo? Mke wake, Maman Godelive, mzaliwa wa Kalehe, alitueleza huku anamenya viazi. Siku Isidore anaondoka Bujumbura, alimwambia mama yake kwamba atarudi baada ya majuma mawili.

"Mama yake hakusema kitu," Maman Godelive alisema. "Alisimama tu ku mulango. Ile kimya njo aliandika."

Mama huyo alifariki kabla mwanawe hajarudi. Waimbaji hawakuambiwa. Labda Maestro aliona haya, mke wake hana hakika. Kwa hiyo kila Pasaka alisimama mbele yao, mkono juu, anaagana na mama yake, na watu wanamcheka.

Kabla ya mazishi, Maman Godelive aliwafuata waimbaji mazoezini. Akawaambia yote.

"Munifanyie hii moja tu. Mukifika pale, munyamaze. Hata siku moja hakuisikiaka."

Hakuna aliyecheka. Tonton Patrice, mwimbaji wa besi, mmoja wa wale arobaini wa kwanza, alijifunika uso kwa karatasi ya nyimbo.

Jumamosi iliyopita, siku ya mazishi, kanisa lilijaa. Charlène, wa violini ya kwanza, aliongoza kwa upinde wake. Mwana-Kondoo ikafika. Upinde ukapanda. Kwaya kimya. Violini kimya. Watu kwenye viti, kimya. Kwa mara ya kwanza soupir ya Maestro ilikuwa vile alivyoiandika. Charlène akauacha upinde juu, pigo la pili, pigo la tatu.

Ndipo pumzi ikasikika, ndefu, kutoka kiti cha mbele. Ilikuwa ya Maman Godelive.

"Nilijizuia," alituambia baadaye, nje. "Ikanitoka tu. Anisamehe."

Kwa Maman Godelive, kwa watoto wao Aimée na Destin, na kwa jamaa walio ng'ambo ya Ruzizi, redio hii inatoa pole. Nasi tuliobaki, tujiulize ni nani tumemcheka miaka yote kwa neno moja, bila kumuuliza ana nini moyoni.

Muziki hatuupigi sasa. Tutanyamaza, kama Maestro alivyotaka. Na wewe unayesikiliza, pumzi ikikutoka, usione haya.