Punje Kumi na Tisa za Mudathir Hatibu Jumbe

Marehemu Mudathir Hatibu Jumbe alizaliwa Ngamiani, Tanga, tarehe 14 Machi 1979, siku ya mvua kubwa hata mkunga akaja kwa kuogelea. Wanaobisha hawakuwapo. Mama yake alipofariki, alilelewa na mimi bibi yake, Mastura. Sikusoma, haya nimemtamkia dada yake, Nasma, naye akaandika.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ngamiani, sekondari mjini Tanga, akamaliza chuo cha kilimo Morogoro mwaka 2005. Tulitaraji daktari wa watu. Akawa daktari wa ngano.

Kazini kwake, kituo cha utafiti wa mbegu Karatu, alitafuta ngano isiyougua kutu, ule ukungu unaokausha majani. Na aliitafutaje? Aliipaka ngano ugonjwa kwa makusudi, shamba zima, aone ipi itabaki kijani. Nikamwambia hata mchawi hujificha. Akija likizo, shati lake lina vumbi rangi ya hina, na kuku wa mtaa mzima hupiga chafya.

Mwaka 2009 alimuoa Zeyana wa Pangani. Mungu amlipe huyu mwanamke, kaishi na mtu anayehesabu madoa ya majani usingizini.

Mwaka 2013 ngano yake moja ilishinda kutu. Ghala la kituo lilikuwa linavuja, basi akaja nayo yote, kilo mbili, akaiweka jikoni kwangu siku mbili kabla ya Idd. Jikoni, jamani. Kwa mwanamke anayetafuta ngano ya bokoboko. Ilivutika vizuri na nyama. Yeye mwenyewe alikula sahani mbili ndipo akauliza mfuko wake uko wapi.

Hakunikaripia. Aliokota punje kumi na tisa zilizokwama kwenye ungo, akaanza upya. Kituoni alisema kilo zile mbili zimeliwa na panya. Wakamwandikia uzembe kwenye faili, cheo kikampita. Nikataka kwenda Karatu kusema mwenyewe, akanizuia. Tangu hapo, kila akipiga simu: "Shikamoo, Panya."

Figo zilimshika mwaka 2024. Alifariki nyumbani kwake Nguvumali, Jumatatu, 21 Julai 2025. Juzi yake aliniambia, "Bibi, zile punje sasa ni ekari sita. Usizipike."

Ameacha mjane, Zeyana. Watoto wawili, Shahd na Rahimu. Dada yake, Nasma. Na bibi aliyepaswa kutangulia.

Wakubwa wa kituo mliofika, lile faili lifuteni. Hapakuwa na panya, ni mimi. Leo hawezi kunizuia.

Mola amlaze pema, apumzike. Ngano yake sitaigusa.