Siku Modest Alipofunga Lango la Nje

Mimi nilikuwepo, kwa hiyo atakayewasimulia vinginevyo kasikia kwa watu. Ilikuwa asubuhi, siku moja baada ya kumzika mzee Patrisi, kwenye benchi la kahawa nje ya duka la kompyuta la Modest, hapa Karatu. Modest ndiye aliyerusha mazishi mubashara kwenye tovuti ya parokia, tena kwa ajili ya mtu mmoja: Angela, binti pekee wa marehemu, muuguzi huko Poland, aliyenyimwa ruhusa ya kuja. Misa haijafika katikati, seva waliyokodi Dar ikavamiwa. Modest akapambana nayo, matangazo yakarudi. Wenzake walikuwa wakimsifu tangu kikombe cha kwanza. Kahawa yake yeye ilikuwa imepoa.

Gia Tano, dereva wa watalii: Hebu nieleweshe, fundi. Seva inavamiwaje?

Modest: Chukua lango la Loduare, pale pa kuingilia Ngorongoro. Yaje magari elfu kumi matupu, yote yanapiga honi yafunguliwe. Mwenye wageni wa kweli atapita?

Gia Tano: Atazeekea hapo. Na aliyeyatuma ni nani? Mimi nasema hoteli fulani, wamekosea tovuti.

Kamusi, ambaye hajawahi kukosa jibu: Hoteli wapi, bwana. Ni wanyama. Kule kreta kila simba aliyevishwa kola ana laini ya simu shingoni. Jana wamechokozwa, wote wakapiga namba moja.

Gia Tano: Simba apige parokiani?

Kamusi: Miaka ishirini unawapelekea Wazungu, umewahi kumuuliza?

Benchi zima likacheka. Modest alikuwa anatazama kikombe.

Gia Tano: Sasa uliyafukuzaje?

Modest: Yalikuwa yanatoka nje ya nchi. Nikafunga nje kote. Aliye nje haingii, awe nani. Nikaacha Tanzania tu.

Kamusi: Na picha ikatulia. Nimeona mpaka kaburi linasakafiwa. Wewe ni wa kuajiriwa Arusha, kaka.

Modest: Nilikuwa na dakika mbili za kufikiri.

Hakuna aliyemuuliza alikosa kufikiri nini.

Ndipo akaja Hyasinta, mjane wa Patrisi. Wakampisha, hakukaa.

Modest: Shikamoo, mama.

Hyasinta: Marahaba, mwanangu. Angela kapiga simu, analia tu, simwelewi. Nikaona nikuulize wewe. Alimwona baba yake akishushwa?

Kamusi akainama kufunga kamba za viatu, na alivaa ndala.

Modest akasimama. Akasema, "Alimwona, mama. Alimwona vizuri."

Yote niliyosimulia ndivyo yalivyokuwa, isipokuwa hilo jibu. Hilo nimelitunga mimi. Modest alisimama tu, na yule mama akaendelea kumsubiri.