Neno Moja Nililoligeuza Mtoni

Asifiwe Bwana anayesikia kila lugha bila mkalimani! Ndugu zangu, mimi nilikuwa mkalimani, na leo nataka kuwaambia jinsi nilivyokaribia kupotea kwa sababu ya neno moja.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru, upande wetu wa Ekerenyo. Nilifundisha shule ya msingi, na Sabato nilihubiri. Wachungaji wengi waliotutembelea walisema Kiswahili, na watu wetu walijua Kigusii tu. Kwa hiyo kila mgeni aliposimama, nami nilisimama kando yake. Hakuna neno lililopita pasipo kupita kinywani mwangu. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyompenda Mungu, ila sikulijua.

Siku za soko nilitundika picha zangu za Biblia kwenye mti wa mkaratusi, nikapiga kengele, nikahubiri hadi sauti ikakauka. Watu walisimama, wakatikisa vichwa, kisha wakaenda kununua ndizi.

Kanisani petu palikuwa na mjane, Kwamboka, asiyejua kusoma. Yeye alianzisha risaga, yaani wanawake wa kulimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walipofika shambani aliimba wimbo mmoja, akaomba maneno machache, akainama kulima. Adhuhuri aligawa uji wa wimbi. Basi! Kukiwa na msiba, alifika na kuni kabla ya mimi kufika na mahubiri. Na mtu alipomuuliza, "Wewe una shida zako, mbona unabeba zetu?" ndipo alipomweleza habari za Yesu, palepale, jembe mkononi.

Ndugu zangu, wivu una macho makali kuliko mwewe! Nilianza kumfuatilia. Nilikuwa na daftari, nikaandika: Jumatatu aliingia kwa nani, Jumanne alilima wapi, nani alianza kuja kanisani baadaye. Nilitafuta kosa lake, nikakuta jembe tu. Kila Sabato niliona uso mpya umekaa karibu naye, na kila uso mpya uliniuma kama siafu ndani ya nguo.

Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Dada Kwamboka, hao unaowaleta ni Wakristo wa uji!"

Akacheka. "Basi, Mwalimu, wakikomaa tutawapa ugali."

Watu wote wakacheka. Mimi sikulala.

Mwaka ule akaja mchungaji mgeni kutoka Upareni kubatiza. Ilijulikana kwamba baada ya ubatizo atachagua kiongozi wa darasa jipya la Biblia ng'ambo ya mto. Nililitamani darasa lile kama mtu mwenye kiu. Waliobatizwa walikuwa kumi na mmoja. Mchungaji alisimama ndani ya maji, nami kando yake, na kila mmoja alimuuliza kwanza, "Ni nani aliyekuleta kwa Bwana?"

Nanyi mnajua desturi yetu: mwanamke wa heshima hatajwi jina ovyo. Wa kwanza akajibu kwa Kigusii, "Ni omong'ina." Maana yake ni mama, yule mama mtu mzima. Hata mtoto angejua anamsema nani, kwa maana Kwamboka alikuwa amesimama ukingoni, amejaza mablanketi mikononi ya kuwafunika watakaotoka majini.

Mchungaji akanigeukia. Nikasema, "Anasema ni mama yetu, yaani kanisa. Ni sisi wahubiri tuliomleta."

Wa pili akasema vilevile, omong'ina. Nikasema vilevile, kanisa. Wa tatu, wa nne, mpaka wa kumi na mmoja! Nilisimama katika maji ya ubatizo nikamwaga uongo mara kumi na moja, na mchungaji akafurahi, akasema, "Hakika wahubiri wenu wamefanya kazi." Jioni ile alinipa darasa.

Nilipopanda kutoka mtoni nilimtazama Kwamboka. Alinitazama kidogo, kisha akainama kumfunika bibi mmoja aliyetetemeka kwa baridi.

Darasa halikunipa raha. Nilihubiri vizuri, lakini walipotoka waliongozana kwenda kwake. Nikawakataza. Mzee mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, maneno yako ni matamu. Jembe lako liko wapi?" Nilimchukia mwezi mzima.

Kisha mvua ikaja. Nikivuka mto kwenda darasani, niliteleza kwenye gogo la daraja, mguu ukavunjika. Nililala nyumbani nikitazama dirishani. Pareto yangu ilikuwa imechanua yote, nyeupe shamba zima, na ua la pareto lisipochumwa kwa wakati huharibika. Mke wangu Bosibori alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Karo ya watoto na chakula cha mwaka mzima vilikuwa pale, vikinyeshewa.

Asubuhi ya tatu nikasikia wimbo. Nikaujua. Kwamboka alikuwa anaingia shambani mwangu na watu kumi na mmoja, kila mmoja na kikapu.

Nikamwambia mke wangu, "Wafukuze! Wamekuja kunicheka."

Bosibori akanijibu, "Baba Nyaboke, inuka uwafukuze mwenyewe kwa miguu yako."

Walichuma siku tatu. Mvua ilipokatika walianika, ilipoanza walianua. Siku ya tatu Kwamboka aliingia na kibuyu cha uji, akanimiminia. Niligeuka ukutani. Ndipo akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu:

"Kunywa, Mwalimu. Au nikutafsirie?"

Ndugu zangu, niligeuka upesi kutoka ukutani! Nikamuuliza, "Unajua Kiswahili?"

"Miaka sita nilichuma chai Kericho na marehemu mume wangu. Tulikuwa na Waluhya, Wajaluo, Wakipsigis. Ulidhani tulisemezana kwa kupiga miluzi?"

"Basi kule mtoni ulisikia."

"Nilisikia. Mara zote kumi na moja."

"Mbona ulinyamaza?"

"Watu walikuwa majini, Mwalimu. Tungeanza ugomvi, wangeshikwa na baridi."

Nikalia kama mtoto. Nikaomba msamaha, akasema amenisamehe tangu siku ile ile. Lakini akaongeza, "Mimi hukuniibia kitu. Wale watu ndio uliowatia kinywani maneno yasiyo yao." Kisha akaniombea, nami nikanywa ule uji niliokuwa nimeutukana. Siku ile Yesu aliuvunja wivu wangu! Aliung'oa kama magugu, na mizizi yake.

Mwaka uliofuata mchungaji wa Upareni alirudi. Kabla hajahubiri niliomba nafasi. Nikaungama kwa Kiswahili, kisha nikajitafsiri mwenyewe kwa Kigusii, bila kuacha neno. Nikalirudisha darasa. Mchungaji akamwita Kwamboka mbele, akamwomba aseme.

Angeweza kusema Kiswahili. Lakini alisema Kigusii, kisha akanitazama mimi, akingoja nitafsiri.

Nikatafsiri: "Anasema, darasa nitalishika. Lakini sijui kusoma, kwa hiyo Mwalimu atanisomea Neno. Na Jumatatu zamu ni ya shamba la mzee wa ng'ambo. Mwalimu aje na jembe."

Nilienda, ndugu zangu. Naenda mpaka leo, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nasoma, yeye anaeleza, kisha sote tunainama kulima.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na mimi mwenyewe. Na wewe usomaye haya, ikiwa kuna mtu ambaye kazi yake njema inakuchoma moyo, usingoje kuvunjika mguu. Mwamini Yesu leo. Nenda kwa mtu huyo asubuhi, ukamwite kwa heshima yake, na jembe lako liwe begani.